Kwa Moyo Mkunjufu

Iko nchi moja, wala si hii yetu, ambayo haitozi kodi hata senti moja. Msinilishe maneno: nimesema si hii yetu. Ukivuka mpaka wake unakutana na kibao kikubwa kilichoandikwa, "Karibu Taifa Huru. Hapa Hatumlazimishi Mtu." Chini ya kibao wamesimama askari wenye bunduki, kuhakikisha kwamba kila anayepita amekisoma na amefurahi.

Zamani walikuwa na kodi kama watu wengine, na walinung'unika kama watu wengine. Kisha akarudi profesa mmoja kutoka masomoni, mtu wa suti moja na maneno mengi, akasimama bungeni akaeleza kwamba mali ya mtu ni jasho lake, na kumchukulia mtu jasho lake bila ridhaa yake ni wizi, hata kama mwizi ana muhuri. Wabunge walikuwa wanasinzia. Lakini Mtukufu Mlezi wa Taifa, aliyekuja siku ile kuzindua choo kipya cha bunge na kukosea mlango, alisikia kila neno, akaangua kilio mbele ya watu. "Miaka yote hii," alisema huku akipokea leso kwa msaidizi wake, "nimekuwa mwizi na hakuna aliyeniambia!" Jua halijazama, kodi ilikuwa imefutwa. Watu walimwagika barabarani wakapiga masufuria hadi yakatoboka.

Asubuhi yake ikatangazwa kwamba, kwa kuwa serikali haitachukua tena, wananchi watatoa. Watatoa wenyewe, kwa moyo mkunjufu, kama watu wanavyomtunza mwimbaji wa taarabu. Si mnajua inavyokuwa? Wimbo umekukolea, unainuka kitini, unajongea mbele mdogo mdogo kwa madaha, noti inapepea mkononi, unamtunza mwimbaji, unarudi kukaa umejaa raha. Nani aliwahi kulazimishwa kutunza? Kiwango hakuna. Kila mtu atoe anachopenda, na Wizara ya Hiari itamkumbusha mapema ni kiasi gani anachopenda.

Palibaki jambo moja dogo. Serikali iliyokwisha kuapa kwamba haitaiba haiwezi kupokea kitu kwa mtu asiyeridhia. Basi ikawa lazima ijue nani ameridhia na nani anajifanya. Na huyo anayejifanya haikufaa kumfunga wala kumpiga faini, maana huko nako ni kumlazimisha. Kwa hiyo serikali ilimrudishia mali yake yote, ikamwomba radhi, na kumweka huru.

Profesa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwekwa huru. Alifanyiwa kwa heshima zote, kwa kuwa wazo lilikuwa lake.

*

Katika Mtaa wa Shukurani wa nchi hiyo aliishi mzee Shaibu, fundi magodoro, mtu mwema aliyezaliwa na uso mgumu. Midomo yake ilishuka pembeni tangu utotoni, na nyusi zake zilikaa zimekunjana hata akiwa usingizini. Siku ya harusi yake, wazee wa upande wa mke waliulizana kwa minong'ono kama bwana harusi amefiwa. Moyoni alikuwa amefurahi kupita kiasi, ila habari hiyo haikufika usoni.

Uso huo haukuwahi kumletea balaa, kwa sababu mkewe Mwanakheri ndiye aliyekuwa akienda kutunza kwa niaba ya nyumba nzima. Mwanakheri alikijua kiuno chake na alilijua tabasamu lake, na vyote viwili vilimtii. Yeye akicheza mbele, Shaibu alisimama nyuma kabisa ya ukumbi, kichwa chini, akipiga makofi. Mwaka huu ikatoka amri mpya: furaha haitumwi kama barua. Kila mwenye pato lake akacheze mwenyewe.

Shaibu aliisikia redioni akiwa anajaza sufi kwenye godoro la mteja, akaiacha kazi katikati. Hakujiogopea nafsi yake tu. Binti yake Tunu, ambaye mumewe alikuwa kazini mkoa wa mbali, alikuwa amerudi kwao kujifungua, na mkunga wa mtaa alikwisha kumpapasa tumbo na kutikisa kichwa. Mtoto amekaa kombo, alisema. Huyu si wa kuzaliwa nyumbani. Uchungu ukianza mkimbizeni hospitali wakampasue, la sivyo mtawazika wote wawili. Hospitali ilikuwa ya serikali. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa ya serikali. Na baba akiwekwa huru, wote waliotoka chini ya paa lake wamewekwa huru pamoja naye, hata wakijificha kwa shangazi.

Aliyekuwa hajui kuwekwa huru ni kitu gani, alitazama tu ng'ambo ya barabara, dirishani kwa Machano.

Machano alikuwa fundi baiskeli na mcheshi wa mtaa. Ukimpelekea pancha alikuwa anaiziba huku akikuvunja mbavu. Mwezi uliopita alikwenda kutunza akiwatania watu njia nzima, na jioni yake alirudishwa amebebwa juu juu na askari wanne, ameshika shada la maua, uso umemkauka. Walimbeba kwa sababu barabara ni ya serikali, na mtu huru hapaswi kutwishwa kitu cha serikali, hata chini ya nyayo. Walimtua ndani ya kizingiti chake, wakampigia saluti, wakamkatia bomba la maji kwa adabu sana. Hakutoka tena, maana nje yote ilikuwa ya serikali. Kumuuzia kitu haikuruhusiwa, kwa kuwa soko ni la serikali. Kumpa bure ndiyo kabisa: kumsaidia mtu huru ni kumtukana, kana kwamba hajitoshelezi. Fedha zake zote zilikuwa juu ya meza yake, hazijapungua. Alikula kuku wake mmoja baada ya mwingine, akanywa mvua aliyoikinga dirishani kwa sufuria, kwa kuwa tume iliyoundwa kuchunguza mvua ni mali ya nani ilikuwa bado kazini.

Si kwamba mtaa ulikuwa haujawahi kuona mtu huru. Kabla yake alikuwako Mwalimu Vuai, mkabala na Machano, ambaye alikaa dirishani miaka miwili akikohoa na kula mapapai ya uani kwake, mpaka masika yaliyopita, dirisha lilipobaki tupu na mafundi wa manispaa wakaligongelea mbao. Watu walikwisha kuzoea. Kilichowatia baridi ni kwamba safari hii alikuwa Machano. Mtu ambaye kila mwaka alicheka pale mbele mpaka gego la mwisho likaonekana, waliona nini kwake? Na kama waliona kitu kwa Machano, wataona nini kwa Shaibu? Watu walijiuliza hivyo majumbani mwao. Kwenda kumuuliza mwenyewe hakuna aliyethubutu.

*

"Inua midomo, Baba Tunu," alisema Mwanakheri, amemshikia kioo.

"Nimeinua."

"Hizo ni nyusi."

Shaibu alijaribu tena. Kijasho kilikuwa kinamtiririka shingoni.

"Sasa umekuwa kama mtu aliyebanwa kidole na mlango," alisema mkewe. "Hebu legea. Waza jambo la furaha."

"Jambo gani?"

"Mjukuu! Unaletewa mjukuu, mwanamume wewe!"

Shaibu alimwaza mjukuu. Akamwona amekaa kombo, barabara haipitiki, mkunga anatikisa kichwa, na midomo ikashuka chini kuliko mwanzo. Tunu, aliyejilaza kwenye godoro akijipepea kwa mfuniko wa chungu, alilitazama lile pambano la baba yake na uso wake, akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, ikabidi Mwanakheri aweke kioo chini akamtulize.

"Nisamehe, Baba," alisema Tunu. "Naogopa tu."

"Na mimi naogopa, mwanangu," alijibu Shaibu. Ndilo lilikuwa neno la kweli pekee lililosemwa nyumbani humo wiki ile nzima, nao walilisema kwa sauti ya chini, kwa sababu kuogopa nako kulikuwa dalili ya kutoridhia.

Walifundishana kucheza kila siku baada ya chakula. Kiuno kilianza kumsikia kidogo. Uso ulikataa katakata.

Katikati ya mazoezi hayo, ile tume ya mvua ikatoa ripoti. Iligundua kwamba mvua, kabla ya kufika kwa mtu yeyote, hupita kwanza katika anga, na anga ni la taifa. Kwa hiyo maji ya mvua ni huduma ya serikali. Asubuhi walikuja askari na ngazi. Nyumbani kwa Machano hawakuingia, maana kuingia kwa mtu huru bila ridhaa yake ni kumvunjia uhuru wake. Walipanda tu, wakalitandaza turubai kubwa juu ya paa lake na kulipitisha mbele ya dirisha kama kibaraza, wakiangalia wasimvunjie hata kigae.

Jioni Shaibu akasikia anaitwa.

"Baba Tunu! Jirani! Kikombe kimoja tu cha maji!"

Sauti ya Machano ilikuwa imekauka, haina mzaha hata chembe. Shaibu alisimama nyuma ya pazia na mtungi ulikuwa pale pale kando ya mguu wake. Alimpenda Machano. Godoro ambalo Machano alilalia, yeye ndiye aliyemshonea, na hakumdai. Lakini zamu yake ya kutunza ilikuwa kesho, na mtu aliyeonekana kumpa maji mtu huru leo, kesho atacheka na nani? Akafunga dirisha polepole, lisilie. Alijichukia usiku kucha, na hofu haikupungua kwa kujichukia.

*

Ukumbi wa Moyo Mkunjufu ulikuwa umepambwa kanga na mataa. Kundi la Taarabu la Taifa lilikuwa jukwaani, vinanda na fidla na magambusi, na mwimbaji wake alikuwa amevaa dhahabu ambayo wananchi walipenda kumvalisha. Mlangoni vikongwe wasio na meno waliazimwa meno ya serikali, kwa ajili ya shughuli hiyo tu, na kuyarudisha wakitoka.

Mbele ya jukwaa, kwenye kiti kirefu, alikaa Mheshimiwa Mtambuzi Mkuu wa Nyoyo. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto, na mkononi alishika rula ndogo ya fedha ya kupimia tabasamu.

"Ndugu wananchi," alianza, "katika nchi nyingine, raia hukamuliwa kama ng'ombe. Hapa kwetu ng'ombe anajikamua mwenyewe, na anaimba! Serikali yenu haitaki fedha zenu. Inataka mioyo yenu. Fedha zinakuja kuisindikiza tu. Kama kuna mtu humu ndani hapendi kutoa, namsihi aseme sasa, ili tusije tukamkosea. Yupo?"

Hakukuwapo.

"Mnaona!" alisema Mtambuzi Mkuu, na macho yakamlenga machozi.

Waliitwa mmoja mmoja. Kikongwe aliyeazimwa meno alipita vizuri, ingawa meno ya juu yalimtoka akayadaka hewani, jambo lililoandikwa kuwa ni furaha iliyomzidi. Muuza samaki alipita. Kisha mshereheshaji akatamka jina la Shaibu.

Alicheza. Kwa hilo lazima asifiwe. Alijongea mbele mdogo mdogo, bega hili, bega lile, noti zinapepea, kama alivyofundishwa. Alipofika mbele ya kiti kirefu aliinua uso wake. Mtambuzi Mkuu akauwekea rula upande huu, akauwekea upande ule, akaigeuza rula kuona kama ameishika vibaya.

"Bwana Shaibu," alisema taratibu, "kuna mtu aliyekulazimisha kuja hapa?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Basi mbona unatetemeka?"

"Ni raha, Mheshimiwa."

"Ukinipa kitu usichopenda kunipa, unanifanya mwizi. Unataka kunifanya mwizi, mimi niliyekuwa sijakukosea lolote?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nakuomba."

Muziki ulishuka. Kwa pembe ya jicho Shaibu aliona mtu anakuja na shada la maua, na askari wanne wanakunja mikono ya mashati yao. Nyuma ya ukumbi alimwona Mwanakheri, ameziba mdomo kwa mtandio. Tunu alikuwa nyumbani peke yake. Asubuhi ile alikuwa amesema kiuno kinamvuta.

"Nitakupa nafasi moja zaidi, kwa sababu nakupenda," alisema Mtambuzi Mkuu. "Funga macho. Waza kitu, chochote kile, kinachokupa furaha ya kweli."

Shaibu alifumba macho. Akamtafuta mjukuu, akakuta hofu. Akaitafuta siku ya harusi yake, akakuta hofu. Akaupekua moyo wake wote huku na huku akikuta hofu tupu imejaa kila pembe, na katikati ya hofu hiyo lilimjia dirisha la Machano. Akauona mkono wa Machano umekamata nondo, midomo imempasuka, turubai limemfunika, na yeye, Shaibu, yuko upande huu wa barabara na mtungi umejaa. Si mimi, aliwaza. Ni yeye. Si mimi.

Ikampanda kutoka tumboni. Aliisikia ikipita kifuani, ikipita kooni, jambo lenye joto na utamu, na midomo iliyokuwa imeshuka tangu siku aliyozaliwa ikainuka yenyewe, ikafunguka, mpaka masikio yakasogea. Alijua anawaza nini. Alijaribu hata kuacha, akashindwa.

Rula ilianguka.

"Sijapata kuona," alinong'ona Mtambuzi Mkuu, machozi yakimdondoka. "Hii ni safi. Hii haina kitu kingine ndani yake. Pigeni muziki! Mpigeni picha mtu huyu!"

Vigelegele vikapasua paa.

*

Tunu alipasuliwa jioni ile ile. Gari la hospitali lilikuja mbio, kwa kuwa lilikuja kumchukua binti wa mtu aliyetajwa redioni, na mtoto alitolewa mzima, wa kiume, analia kwa hasira. Muuguzi aliwashauri wamwite Hiari. Shaibu alimpakata mjukuu wake akamtazama, akashukuru kwa moyo wake wote, na uso wake ulikuwa umerudi vilevile kama alivyozaliwa nao.

Kesho yake, saa za jua kali ambapo mtaa mzima umejifungia ndani, alirudi nyumbani peke yake kuchukua nguo za mzazi. Ukutani mwa kila nyumba palikuwa na picha yake imebandikwa, anacheka. Aliinamisha kichwa apite upesi.

"Umepita," ilisema sauti kutoka dirishani.

Shaibu alisimama. "Nimepita, Machano."

"Na Tunu?"

"Kajifungua salama. Mtoto wa kiume."

"Alhamdulillahi," alisema Machano, na ilisikika kwamba anasema kweli. Kisha akaielekezea kidevu ile picha iliyokuwa ukutani. "Ulimwaza nani?"

Shaibu aliipa picha mgongo.

"Usione haya, jirani. Mimi nilikuwa namwaza Mwalimu Vuai. Nikifika pale mbele namwona dirishani kwake na kile kikohozi, nasema moyoni si mimi, basi raha inanipanda mpaka kwenye magego. Ndiyo iliyonipitisha. Mwaka huu nikafika, nikamtafuta, nikakuta mbao." Alikohoa kikavu. "Sikuwa na mtu mwingine."

Jua liliwaka juu ya barabara ya serikali. Shaibu aliitazama midomo ile iliyopasuka, akautazama mkono uliokamata nondo jinsi ulivyokonda, na hofu mpya ikamshika, kubwa kuliko zote za nyuma. Mpaka zamu nyingine ulikuwa umebaki mwaka mzima. Mtu huyu hafiki mwisho wa wiki.

Alivuka akaingia kwake mbio, akachukua birika, akalijaza maji ya mtungini, akatoka. Aliutazama mtaa upande huu, akautazama upande ule. Akavuka tena, akalinyoosha birika.

"Kunywa, Machano. Kunywa ndugu yangu, upesi, kabla hawajapita. Kesho nitakuletea uji. Nitakuletea kila siku."

Machano aliyatazama maji. Kisha akamtazama Shaibu machoni, na taratibu, kama mtu anayekumbuka kazi yake ya zamani, akaanza kucheka.

"Kila siku?" alisema. "Mpaka lini, jirani? Mpaka zamu yako ijayo?"

"Machano, nakuomba."

"Mimi ni mtu huru, Baba Tunu. Hakuna wa kunilazimisha kunywa."

"Utakufa!"

"Ndiyo." Alirudisha mkono wake ndani ya nondo. "Na siwezi kupokea kitu kwa mtu asiyetoa kwa moyo mkunjufu. Utanifanya mwizi."

Kwa mbali, kona ya juu, kulisikika buti za askari wa doria zikija taratibu. Angeweza kukimbia. Badala yake aliliinua birika juu ya kichwa, akapeleka bega hili, akapeleka bega lile, akaanza kujongea kuelekea dirishani mdogo mdogo, kama alivyofundishwa, maji yakimwagikia shingoni, na machozi yakimtoka.

Machano aliegemea dirisha, akakiinua kidevu cha mwenzake kwa kidole kimoja, akauchunguza uso. Alikuwa na kiu sana. Lakini birika bado alikuwa hajalipokea.